Mtu wa Sitini

Kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kupapasa. Kiwandani walimwita Vidole, maana kitambaa kilipopita juu ya meza yake ya kioo, ile yenye taa chini yake, hakuhitaji kuinama kukitazama. Aliweka viganja viwili juu ya kitambaa kikiwa bado na joto la mashine, akaendelea kupiga soga na mwenzake, na katikati ya soga akasema, "Hapa." Wakitazama, hapo pana uzi uliokatika. Wafumaji walimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Wifi yake, mke wa kaka yake, aliyesimamia mashine namba kumi na tisa, alizoea kusema kwamba mwanamume atakayemwoa huyu ajue kabisa hana siri hata ndani ya soksi.

Kiwanda chao kilifuma mashuka: meupe ya hospitali, yenye mstari wa buluu ya mabweni, na mazito kidogo ya wenye nazo. Kisha nchi ikaingia kwenye Umoja. Zilikuwa nchi saba, na yao ndiyo iliyokuwa ndogo na fukara kuliko zote. Redioni walitangaza kwamba kuanzia sasa mpaka ni mstari wa kwenye ramani tu. Na kweli, mwezi wa tatu haukuisha, kaka yake Vidole akafunga begi lake akavuka kwenda nchi kubwa kujenga maghorofa, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Lakini mlango ukiwa wazi, watu huingia na hutoka. Njia ile ile aliyopita kaka, malori yakaja na mashuka ya huko, bila ushuru, mawili kwa bei ya moja la kwao. Vidole alinunua moja, akalitandika kitandani kwake na kulipapasa kona hadi kona. Alikuta dosari moja tu. Hakumwambia mtu.

Baada ya miaka miwili ghala lilijaa mashuka yasiyo na mnunuzi. Ndipo kampuni ya nchi kubwa, hiyo hiyo iliyokuwa ikileta mashuka yake, ikakinunua kiwanda. Kila mtu alijua kinachofuata. Wifi alikwisha kuhamisha hata kikombe chake kutoka kabati la chai.

Mambo hayakwenda hivyo. Meneja mpya alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyejifunza lugha yao kabla ya kuja na kumpa mkono kila mmoja, mpaka mfagiaji. Aliwakusanya uani akasema hakuna atakayepoteza kazi. Umoja una mfuko wa kuzisaidia nchi maskini zisimezwe na kubwa. Mfuko huo utalipa mishahara kwa miaka mitano, mradi kiwanda kiwe hai. Na maana ya kuwa hai imeandikwa: mashine zizunguke saa sita kila siku ya kazi, na wafanyakazi waliopo wasipungue sitini.

"Na uzi?" aliuliza Fundi, yule mzee wa kutengeneza mashine. "Uzi utatoka wapi?"

Meneja alifunua karatasi zake, akazifunika tena. "Uzi haukutajwa," alisema.

Siku ya kwanza walicheka mpaka wakashika mbavu. Mashine arobaini zinanguruma, sakafu inatetemeka, wafumaji wamejifunga aproni zao, na ndani ya mashine hakuna uzi hata wa kutolea uchafu kwenye jino.

"Kikulacho ki nguoni mwako," wifi alipiga kelele juu ya mngurumo, "na sisi hata nguo yenyewe haipo!"

Vidole alikaa mezani kwake, taa inawaka chini ya kioo kitupu, mikono mapajani. Alidhani atachoka kwa wiki moja. Ikapita miezi.

Na mtu asidanganye, maisha yalinyooka. Mishahara ilikuja kwa tarehe. Watu waliezeka mapaa. Mama yake Vidole, aliyekuwa hana macho kwa miaka mitatu kwa sababu ya mtoto wa jicho, alichukuliwa na kaka akavushwa, akafanyiwa upasuaji katika hospitali ya nchi kubwa kama raia wa huko, kwa kuwa mikataba ya Umoja ilisema hivyo. Alirudi anaona. Alimtazama binti yake mlangoni muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe umezeeka hivi, mwanangu, na hukuniambia?"

Walikaa nyumba moja, watatu: mama, Vidole na wifi. Wakati wa kula ndipo mabishano yalipochemka.

"Mama, sisi tunalipwa kwa kuwa maiti zenye joto," alisema wifi siku moja.

"Maiti haileti unga nyumbani," mama alijibu. "Mlipokuwa mnafuma, mimi nilikuwa kipofu. Sasa hamfumi, nami naona. Unataka nichague lipi?"

"Mumeo yuko kwao," Vidole alimchokoza wifi yake, "mashuka yao yako kwetu. Mmebadilishana."

"Mashuka hayakoromi, lakini pia hayanipigii simu," wifi akasema, na wote wakacheka. Kisha mama akaacha kucheka. Alikuwa amemkazia macho binti yake kichwani, macho yake mapya ya hospitali, yaliyoona hata sisimizi aliye ukutani.

"Sogea hapa," alisema.

Akatoa kitu katika nywele za Vidole, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa unyoya wa pamba. Akatoa mwingine. Akamwita wifi, naye nywele zake zilikuwa zimejaa, mpaka kwenye nyusi.

"Mbona mnasema hamfumi?"

Pamba ya mwisho ilikuwa imeingia kiwandani mwaka na nusu uliopita.

Kesho yake Vidole alimuuliza Fundi. Fundi aliangalia juu kwenye mabomba na vyuma vya paa. "Vumbi la zamani," alisema. "Mashine zikitikisika, linashuka." Lilikuwa jibu la mtu mzima, nalo lilitosha. Ila Vidole alipopanda ngazi na kupitisha kidole juu ya vile vyuma, vilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Wiki ile ile, yapata saa nne asubuhi, alichoka kukunja mikono. Akaiweka juu ya kioo, kwa mazoea tu, kama mtu anavyoegemea dirisha. Kioo kilikuwa cha moto. Na chini ya viganja vyake kitu kilikuwa kinapita.

Hakushtuka mara moja, na hilo ndilo lililomtisha baadaye. Mikono yake ilikipokea kile kitu kama mgeni aliyetarajiwa. Kilikuwa shuka, laini, lililobanwa vizuri, linakwenda taratibu kutoka kulia kwenda kushoto. Macho yake yaliona kioo na taa. Vidole vyake vilihesabu: shibiri tatu salama, kisha mstari mwembamba ulioachia, shibiri tatu tena, kisha mstari.

Alinyanyua mikono akaishika kifuani. Baadaye alimfuata Fundi akajifanya anatania. "Fundi, kumi na tisa inaachia mstari. Kila shibiri tatu."

Fundi hakucheka. Aliweka chini spana yake. "Nani kakwambia?"

"Hakuna."

Alimwongoza mpaka kwenye mashine ya wifi, akaizima, akamwonyesha kile kitana cha chuma kinachopanga nyuzi. Jino moja lilikuwa limepinda. "Limepinda juzi," alisema polepole. "Sikulinyoosha, maana nilinyooshe kwa ajili ya nini? Sikumwambia mtu."

Alilinyoosha palepale. Vidole akarudi mezani, akaweka mikono. Mstari haukuwapo tena.

Tangu siku hiyo alianza kuwatazama wenzake, akaona ambayo hakuwa ameyaona. Wafumaji hawakuwa wakipiga soga tena. Macho yao yalifuata kitu ndani ya mashine, na kila baada ya dakika chache mmoja aliinama, akashika hewa kwa vidole viwili, akasokota, akaachia. Wifi alifanya hivyo pia.

"Unafunga nyuzi, wifi," Vidole alimwambia walipokuwa wakinawa.

"Nani? Mimi?"

"Umefunga mara sita tangu asubuhi. Unaziona?"

Wifi alisugua mikono chini ya bomba kwa muda mrefu. "Sizioni," alisema. "Zikikatika tu, najua." Kisha akaongeza kwa hasira, "Na mgongo unaniuma kama zamani. Usiniulize tena."

Vidole alimwendea Meneja ofisini. Alimwomba uzi, koni chache tu, wafume hata shuka moja la kweli. Meneja alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Alisema mkataba hauruhusu. Kiwanda kikifuma kitakuwa kinashindana na mwenye nacho, na Umoja nao utasema: kama mnaweza kufuma, mnahitaji msaada wa nini? "Nimeusoma mara tatu, dada yangu, nikitafuta mwanya. Walioandika hawakuwa watu wabaya. Walitaka msife."

Vidole alisimama kuondoka. Alikuwa ameshika kitasa Meneja alipouliza kwa sauti ndogo, bila kuinua uso, "Hiyo nguo. Ni nzuri?"

Hakuwa amemtajia nguo yoyote.

"Ni nzuri kuliko zote tulizowahi kufuma," alijibu.

Meneja alitikisa kichwa, kama mtu aliyeletewa majibu ya daktari. "Basi usiniambie tena."

Wangeweza kuishia hapo. Lakini Fundi alikuwa na ukaidi wa wazee, na ghalani lilikuwa limebaki gogo moja kubwa la chuma lililozungushiwa uzi, limefunikwa turubai. Kwa siku nane, kila mapumziko ya mchana, yeye, Vidole na wifi waliingiza nyuzi kwenye mashine namba kumi na tisa, uzi kwa uzi. Siku ya tisa, baada ya chakula, wifi akavuta swichi.

Wafumaji wote waligeuka. Kitambaa cheupe kilianza kutoka, kidole kimoja, kiganja kimoja, dhiraa moja. Mfumaji mmoja alilia waziwazi. Mwingine alirudi nyuma na kufunika pua kwa aproni, kana kwamba kilinuka. Fundi alikikata kipande, akakibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akakilaza juu ya meza ya kioo.

"Haya, Vidole. Tuambie."

Aliweka viganja. Alisubiri. Alivisogeza mbele, nyuma, akavibonyeza. Akafumba macho, akajaribu tena.

"Tuambie basi!" wifi alisema.

"Sisikii kitu," alisema Vidole.

Macho yake yalikiona kitambaa, weupe wake, hata uzi mmoja uliochomoza pembeni. Lakini mikono ilisikia kioo, tena kioo baridi. Alikishika, akakikunja, akakisugua shavuni, na shavu lilikisikia, vidole havikukisikia. Ilikuwa kama kushika kivuli cha kitu kilicho mahali pengine.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Hakugomba. Alikwenda mwenyewe akaizima mashine, akakichukua kile kitambaa, akampa Vidole. "Nenda nacho nyumbani," alisema. "Sikuona kitu."

Jioni ile Vidole alishika sufuria iliyokuwa jikoni bila kitambaa cha kushikia. Alijua anaungua pale mama alipopiga ukelele. Ngozi ya kiganja ilitoka, naye alikuwa amesimama anaitazama. Daktari alimchoma sindano kwenye ncha za vidole, akamwambia mishipa yake ni mizima, apumzike nyumbani.

"Huwezi kupumzika," wifi alisema. Aliketi kitandani pembeni yake akaishika ile mikono iliyofungwa bandeji. "Wifi yangu, nakuomba. Tuko sitini kamili. Ukitoka wewe, tunabaki hamsini na tisa, na wakaguzi wa Umoja wanaweza kuingia siku yoyote. Tukipungua, wanakata mfuko. Sote tunazama."

"Watafute mwingine."

"Wapi? Vijana wote wamevuka. Mji huu umebaki sisi, wazee na mbuzi."

Vidole alikaa nyumbani siku tatu, na siku zote tatu alisikia kwamba hesabu imetimia. Alidhani Meneja amepata mtu, na mama alipotoka kila asubuhi alisema anakwenda kwa jirani. Siku ya nne aliamka akakuta kitanda cha mama kimetandikwa na viatu vyake havipo, na jirani akasema hajamwona siku zote hizo. Akajua. Alikimbia hadi kiwandani na bandeji zake, akapita getini bila salamu.

Mama alikuwa mezani kwake. Aproni ilimvuka magoti, taa ilimwangaza kidevu kutoka chini. Macho yale yaliyofunguliwa kwa kisu cha hospitali ya watu alikuwa ameyafumba. Mikono yake ya uzee ilikuwa inapita juu ya kioo, taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto, naye alikuwa anatabasamu.

"Mama."

"Nakusikia." Hakufumbua macho. "Kwa hiyo hii nguo ndiyo mliyokuwa mnanificha?"

"Mama, inuka twende."

"Umoja umenipa macho, nami nitawakalia kiti hiki miaka iliyobaki. Tutakuwa sare. Kuna ubaya gani? Gusa hapa. Baba yako alinizikia watoto wawili na hatukuwa na sanda kama hii."

Vidole alimshika mama kiunoni akamwinua. Mama hakubisha, ila alikuwa mzito kupita mwili wake, kama mtu aliyebebeshwa mzigo mapajani. Wafumaji waliacha kufunga nyuzi zao wakawatazama. Hakuna aliyemzuia, lakini mmoja wao alianza kuhesabu kwa sauti, na ilikuwa sauti ya wifi: hamsini na saba, hamsini na nane, hamsini na tisa. Aliishia hapo akajiziba mdomo.

Meneja alishuka ngazi za ofisi. Alikuwa anavua koti. Alilitundika kwenye msumari wa aproni, akakunja mikono ya shati, mara mbili, kwa unadhifu, akaketi kwenye kile kiti.

"Karatasi inasema watu," aliwaambia. "Haikusema nani." Akaweka mikono yake juu ya kioo, na Vidole aliona uso wake unavyobadilika, mwanzo mashaka, kisha woga, kisha kitu kama aibu. "Loo," Meneja alisema. "Ni nzuri kweli."

Vidole akamtoa mama nje kwenye jua.

Hakurudi tena. Hisia zilimrudia polepole: kwanza baridi ya maji, kisha chembe za chumvi, na msimu wa mvua ulipoingia aliweza kutambua pamba na nailoni akiwa amefumba macho. Alipata kazi hospitali ya wilaya kushona mashuka yaliyochanika. Yote ni ya nchi kubwa, ni mazuri, na huchanika kama mengine.

Wifi alikaa kiwandani mpaka mwaka wa tano ukaisha. Alijenga nyumba yake ya vyumba vitatu, akamwita mumewe arudi aione, naye akaja, akaisifu, akavuka tena. Umoja ukitajwa, wifi huwaonyesha watu bati lake na kunyamaza. Fundi yeye hutema mate. Siku mashine zilipozimwa, Meneja alikuwa bado mezani na ilibidi wamwite mara nne. Aliondoka kesho yake bila kumpa mtu mkono.

Mama bado anaona vizuri. Anatia uzi kwenye sindano kuwazidi wajukuu wa jirani. Ila alasiri zingine, nguo zikiwa zimekwisha kuanuliwa na kikapu ni kitupu, humwita binti yake uani.

"Njoo unisaidie kukunja. Shika ncha hizo."

Mama hakataliwi. Vidole husimama mbele yake, akainua mikono, akabana hewa kwa vidole viwili kila upande. Wananyoosha. Wanakutanisha kona na kona. Wanasogeleana mpaka mikono yao inagusana, na mama anachukua ncha kutoka kwake, kwa uangalifu, asije akaziangusha.

"Umesikia?" mama huuliza.

"Sikusikia kitu, mama," hujibu Vidole, na siku nyingi huwa ni kweli.

"Haya. Rudi nyuma kidogo," mama husema. "Yamebaki mengi."